Kabla Rangi Haijanunuliwa: Barua kwa Kaka kutoka Philadelphia

Philadelphia, Marekani

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakufikia ukiwa na afya njema, pamoja na mama, wifi na watoto. Mimi huku ni mzima na kazi zinaendelea salama. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa pale ulipoeleza kwamba vijana wa mtaa wamekubaliana kuupaka rangi ule ukuta mrefu unaopakana na jalala, na kwamba ungependa nikuletee picha za michoro mizuri ya huku ili wachague mmoja na kuuiga. Habari hiyo imenifurahisha mno. Picha nitazileta, lakini naomba kwanza unisikilize, kwa sababu jiji ninaloishi limeifanya kazi hii kwa miaka mingi, na mambo yaliyoifanikisha hayaonekani katika picha hata moja.

Philadelphia ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 2 mwaka 1950. Viwanda vilipofungwa kimoja baada ya kingine na familia nyingi zikahamia nje ya jiji, idadi hiyo ilishuka hadi kama milioni 1.5 mwaka 2000, na nyumba nyingi zikabaki bila wenyewe. Nyumba za hapa zimejengwa kwa safu, zikishikana ubavu kwa ubavu; basi moja inapoachwa ikaoza na kubomolewa, jirani yake hubaki na ukuta mtupu wa ghorofa mbili au tatu, na chini yake kiwanja ambacho hugeuka mahali pa kutupia matairi na magodoro. Mingi ya michoro inayolipa jiji hili sifa ilianzia kwenye kuta hizo zilizobaki peke yake.

Mwaka 1984, katika uongozi wa Meya Wilson Goode, jiji lilianzisha mpango wa kukomesha tabia ya vijana kuandika majina yao ovyo kwenye kuta za watu, na likamwajiri mchoraji Jane Golden afanye kazi na vijana hao. Badala ya kukimbizwa tu, wale waliotia sahihi ahadi ya kuacha waliendelea kushika rangi, safari hii wakiwa na ajira, mwalimu na ukuta wa halali. Naupenda mwanzo huo kuliko michoro yenyewe, kwa kuwa ulimchukua mtu aliyehesabiwa kuwa tatizo la mtaa na kumkabidhi sehemu ya mtaa aitunze. Mwaka 1996 mpango ulipangwa upya, na leo unajulikana kama Mural Arts Philadelphia. Kazi zilizotokana nao tangu mwanzo zimepita 4,000.

Kitu ambacho ningependa vijana wako wakisikie ni utaratibu unaotangulia. Mchoraji hafiki na picha yake mkononi. Kwanza hutafutwa kibali cha mwenye ukuta, kisha wakazi huitwa mikutanoni, ambako hueleza mtaa wao umepitia nini, wanamkumbuka nani, na ni kitu gani wasingependa kukiona kila asubuhi wanapofungua mlango. Mchoraji hurudi na rasimu, hukosolewa, hurekebisha, hurudi tena. Mikutano hiyo huchosha na wakati mwingine watu hugombana: wako wanaotaka sura ya shujaa, wako wanaotaka maua, na wako wanaouliza kwa nini fedha hizo zisiweke taa za barabarani. Swali hilo la mwisho ni la haki, kaka, na mtu asilizime kwa kuwa tu limeulizwa kwa ukali.

Rasimu ikikubaliwa, hugawanywa katika miraba, na mistari yake huhamishiwa kwenye vipande vya kitambaa chepesi kinachofanana na cha parachuti, kila eneo likiwa na namba ya rangi yake. Vipande hivyo hutandazwa mezani, bibi kizee na mtoto wa shule ya msingi wakapaka pamoja bila yeyote kupanda jukwaa la mafundi, na baadaye hubandikwa ukutani kwa gundi ya akriliki hata viungo visionekane. Kwa njia hiyo hiyo wafungwa wa gereza la Graterford, ambao hawakuweza kutoka nje, walichora vipande vilivyokuja kubandikwa kwenye kuta za jiji. Mimi nami nimewahi kukaa kwenye meza ya namna hiyo na kujaza kipande cha buluu ambacho peke yake hakikuwa na maana yoyote. Nikipita pale, macho yangu huenda kwenye kipande kile kabla ya kuuona mchoro mzima, na majirani niliokaa nao wameniambia kwamba hata wao huangalia vipande vyao. Mtu aliyeshika brashi mara moja tu huanza kuulinda ukuta bila kuambiwa, na hiyo ni faida ambayo fundi wa kukodi hawezi kuwaletea, hata awe hodari kiasi gani.

Kwa sababu hiyo nina wasiwasi na hilo wazo la kuiga. Mchoro wa Philadelphia utapendeza kwenye ukuta wenu kwa siku chache, kisha utakuwa picha ya watu wasiojulikana na yeyote. Mfano ninaouheshimu kuliko yote uko Los Angeles, kwenye kuta za mfereji mkubwa wa zege uliojengwa kuzuia mafuriko. Huko, kuanzia mwaka 1976, mchoraji Judy Baca aliwakusanya vijana wa makabila na mitaa mbalimbali, baadhi yao wakiwa wamekwisha kupita mikononi mwa mahakama za watoto, wakachora historia ya California sehemu baada ya sehemu, wakati wa kiangazi, hadi mwaka 1983. Walioshiriki walizidi 400, na kazi yao ina urefu wa zaidi ya mita 800. Kabla ya kuchora walizungumza na wanahistoria na kuwasikiliza watu walioyaona mambo kwa macho yao, kwa hiyo ukuta ule unaonyesha wale ambao vitabu vya shule viliwapita: wenyeji wa asili, Wamarekani wenye asili ya Meksiko, Wajapani waliofungwa makambini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vijana waliotoka mitaa iliyohasimiana walilazimika kusimama bega kwa bega juani, wakigawana ndoo moja ya rangi. Waambie vijana wako waanze kwa kuwauliza wazee nini kilikuwa mahali pale kabla ya jalala. Naamini watapata zaidi ya kinachoweza kuenea ukutani.

Kuhusu fedha, usikate tamaa kwa sababu mliyo nayo ni kidogo. Mwaka 1986, kaskazini mwa Philadelphia, msanii Lily Yeh, aliyezaliwa China, aliombwa na mcheza ngoma Arthur Hall akigeuze kiwanja kilichotelekezwa jirani na kituo chake cha sanaa kiwe bustani. Mtaa ulikuwa umechoka, na waliojitokeza mwanzoni walikuwa hasa watoto. Yeh alitumia vilivyokuwepo, zikiwemo saruji na vipande vya vigae, akajenga kuta fupi na sanamu zilizofunikwa kwa mozaiki, yaani picha za vipande vya vigae vilivyopangwa pamoja, na wakazi wakajifunza ufundi huo kutoka kwake. Mmoja wa mafundi wake wakuu alikuwa mkazi wa mtaa ule ule ambaye dawa za kulevya zilikuwa zimemmaliza, na ambaye kazi ile ilimrudisha kwenye heshima yake. Kutoka kiwanja kimoja ikakua Village of Arts and Humanities, yenye bustani na mafunzo ya vijana, na ipo hadi leo. Kuna kichochoro chake chenye malaika wakubwa wa mozaiki, walioigwa kwa namna ya picha takatifu za Ethiopia, wamesimama mahali ambapo zamani watu waliogopa kupita. Baadaye Yeh aliipeleka njia hiyo Korogocho, Nairobi, na pia Rugerero nchini Rwanda, ambako alifanya kazi na manusura wa mauaji ya kimbari. Mozaiki ina faida moja ambayo ningeomba mwifikirie: rangi hufifia kwa jua, lakini kigae hakififii.

Sasa nije kwenye jalala lenyewe, ambalo katika barua yako umelitaja kwa mstari mmoja tu. Watafiti wakiongozwa na Charles Branas walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa katika jiji hili, wakavigawa kwa kura: vingine vikasafishwa, vikasawazishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuzungushiwa uzio mfupi wa mbao wenye nafasi za kuingilia, vingine vikaondolewa taka na kukatwa majani tu, na vingine vikaachwa vilivyo. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Katika mitaa iliyo maskini zaidi, uhalifu wa kutumia bunduki ulipungua kwa asilimia 29 kuzunguka viwanja vilivyoshughulikiwa. Kazi iliyopimwa pale haikuwa na mchoro hata mmoja. Ilikuwa ni kuondoa taka, na kurudi tena na tena kuziondoa. Mimi napenda michoro kwa moyo wote, lakini matokeo hayo nayachukulia kwa uzito: mkipaka ukuta rangi na kuliacha jalala chini yake, mtakuwa mmewapamba nzi. Vijana wa Dakar, nchini Senegal, walilijua hilo bila utafiti. Kati ya mwaka 1988 na 1990, takataka zilipokuwa zimejaa mitaani na hawana tena imani na wakubwa, walianzisha vuguvugu la Set Setal: walifagia, walizibua mifereji, walipanda miti, kisha ndipo wakachora kwenye kuta mashujaa wao na mafunzo ya afya. Ningependa mfuate mpangilio huo huo, usafi ukitangulia na rangi ikifuata.

Lipo pia jambo ambalo watu wa huku hawapendi kulitaja wanapofungua mchoro mpya. Mahali pakipendeza, huja watu wengine, na nyuma yao hupanda kodi ya nyumba. Kiwanja kilichokuwa hakitakiwi na mtu hupata mnunuzi, na wapo waliohama mtaa walioupamba kwa mikono yao. Mjini Seoul kuna mtaa wa mlimani uitwao Ihwa, uliochorwa kuanzia mwaka 2006 kwa mpango wa serikali, ukajaa watalii wanaopiga picha na kelele mpaka usiku milangoni mwa watu. Mwaka 2016 baadhi ya wakazi walichukua rangi ya kijivu na kuifuta michoro mashuhuri kuliko yote, ile ya ngazi za maua na za samaki. Siwalaumu hata kidogo. Walikuwa wanaishi ndani ya picha ambayo wengine ndio walioifurahia. Kwa hiyo kabla ya kazi kuanza, wapangaji wa nyumba zinazotazamana na ukuta waketi mkutanoni pamoja na wenye nyumba, na wawe na sauti sawa, kwa kuwa wao ndio watakaoishi nao mchana na usiku.

Mambo ya ufundi nitayapitia kwa haraka, kwa sababu fundi wenu atayajua zaidi. Ukuta unaovuta maji kutoka chini usipakwe kwanza. Unyevu huisukuma rangi kutoka ndani ikavimba na kubanduka, hata ikiwa ya bei kubwa. Zibeni nyufa, pigeni lipu palipomomonyoka, acheni lipu ikauke kabisa, na maji ya mvua yapewe njia ya kwenda mbali na msingi. Tumieni rangi za nje zinazostahimili jua, na nyekundu msiitegemee sana upande unaopigwa na jua la mchana, kwani nyekundu nyingi hupauka mapema. Zaidi ya yote, tengeni sehemu ya fedha isiguswe siku ya kuchora, iwe ya kurudia rangi na kuzibua mfereji miaka inayofuata, na ijulikane ni nani anayeishika na anatoa hesabu kwa nani. Hata michoro ya hapa, yenye taasisi nzima nyuma yake, huzeeka na kuhitaji kutengenezwa, na mingine hupotea kabisa nyumba mpya inapojengwa mbele yake.

Naomba basi uniandikie kabla ya mkutano wa kwanza. Niambie urefu na kimo cha ukuta, ni wa matofali ya saruji au ya kuchoma, jua linaupiga saa ngapi, na ni nani mmiliki wake kwa karatasi, maana kibali cha mdomo kinaweza kuondoka na aliyekitoa. Niambie pia kama serikali ya mtaa imekubali kulihamisha jalala au kuleta gari la taka kwa siku maalumu. Nikishapata majibu hayo nitachangia kiasi nitakachoweza, na ningependa mchango wangu uanze na makoleo na toroli.

Mpe mama shikamoo yangu na umwambie nitampigia Jumapili. Wifi na watoto wasalimie sana. Yule binti yako mkubwa, ambaye unasema hujaza daftari zake kwa michoro, naomba umpeleke mkutanoni na umwache azungumze.

Ni mimi dada yako akupendaye.