Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma: Karanga zitoke kwenye unga wa uji wa shule

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUTENGANISHA KARANGA NA UNGA WA UJI KATIKA SHULE ZENYE VITENGO VYA ELIMU MAALUMU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaokuandikia ni wazazi, walimu wa vitengo na wauguzi wa hapa jijini. Ombi letu kuu ni hili: shule zenye watoto wenye usonji (autism) ziache kununua unga wa lishe uliokwisha kuchanganywa. Nafaka isagwe peke yake na uji upikwe mtupu. Karanga, soya na maziwa vikae kando, viongezwe kikombe kwa kikombe, kwa mtoto anayeruhusiwa. Chakula hakipungui hata kidogo. Kinachobadilika ni wakati wa kuchanganya.

Unga wa lishe unaouzwa madukani kwetu huwa na mahindi, ulezi au mtama, karanga na soya. Wapo wanaoongeza ngano, mchele, hata dagaa. Mtoto mwenye mzio (aleji) wa kimoja tu kati ya hivyo ameshakosa sufuria nzima, na mara nyingi gunia halisemi ndani kuna nini. Hata kwa watoto wasio na mzio, unga huo una kasoro mbili ambazo Afisa Lishe wako anazifahamu. Karanga zikishasagwa, mafuta yake huharibika haraka, na kwa joto la Dodoma la Oktoba na Novemba unga huanza kunuka na kuwa mchungu kabla gunia halijafika nusu. Ya pili ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye mazao. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoongoza kwa kuibeba. Karanga nzima unaweza kuzimwaga kwenye ungo ukatoa zilizosinyaa, zilizoota ukungu na zilizobadilika rangi. Zikiwa zimeshasagwa utachambua nini?

Sasa kwa nini tunasema usonji, wakati mzio humpata mtoto yeyote?

Kwa sababu watoto wengi wenye usonji huja na orodha yao fupi ya vyakula wanavyokubali, na huwa wanaishika kweli kweli. Tatizo haliko kwenye malezi. Mdomo, pua na masikio yao hupokea vitu kwa ukali usio wa kawaida. Ugali mkavu unakubalika, lakini ugali uleule ukiguswa na mchuzi unakuwa kitu kingine. Uji kwenye kikombe cha bluu unanyweka, kwenye cha njano unamwagwa. Mtoto wa namna hiyo akiwa na vyakula saba tu, na mzio ukamnyang'anya viwili, vinabaki vitano. Akilazimishwa kimojawapo kati ya hivyo vitano akakichukia, vinabaki vinne, na kukirudisha kilichopotea ni kazi ya miezi.

Tena wengi wao hawasemi, au husema kwa maneno machache. Mtoto mwingine koo likimwasha ataripoti. Huyu atajikuna ulimi kwa meno, atasukuma sahani, atajipiga kichwa, atakimbilia nje. Mpishi na mwalimu wa zamu wataona tabia mbaya. Kwa hiyo tunaomba kitu kidogo lakini kiwe amri: mtoto wa kitengo akikataa chakula, asilazimishwe na asifichiwe chakula ndani ya chakula kingine. Kukataa kwake huenda ndiyo taarifa pekee anayoweza kutoa. Na kuficha humgharimu mara mbili: akigundua, huacha hata kile alichokuwa anakula.

Tuingie jikoni, maana huko ndiko mipango mizuri inakoharibikia.

Mashine ya kusaga haioshwi kati ya mteja na mteja. Aliyetangulia akisaga karanga na soya, mahindi yako yanatoka na mabaki yake, na kilo za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Shule iwe mteja wa kwanza asubuhi, baada ya mashine kufagiliwa, isage kwanza debe litakaloliwa na watoto wasio na mzio, ndipo usagwe unga wa wale wenye mzio. Mfuko wao ufungwe, uandikwe, usichotewe kwa kopo la mfuko mwingine. Kwa mtoto ambaye mzio wake ni mkali, hata hilo halitoshi. Nafaka yake isagwe kwenye mashine isiyopitisha karanga kabisa, na kama haipo, apewe wali kutoka kwenye mchele uliopembuliwa na kuoshwa. Msitegemee kinu. Kinu cha nyumba nyingi za huku ndicho kinachotwanga karanga za mlenda, na mti hunywa mafuta. Huwezi kuuosha ukaisha. Mwiko nao ni hivyohivyo. Sufuria ya alumini na kijiko cha bati vikisuguliwa kwa sabuni vinafaa, ila mwiko wa watoto hawa uwe wao, utobolewe mpini na kufungwa kamba nyekundu, utundikwe mbali na mingine.

Mlenda wenyewe unastahili neno. Ni mboga laini, ina virutubisho, na watoto wanaopenda chakula kinachoteleza huipokea vizuri. Lakini hapa kwetu mlenda bila karanga watu huona kama haujaiva. Mpishi aupike kwa nyanya na kitunguu, atoe sehemu ya wenye mzio, ndipo karanga ziingie kwenye sufuria iliyobaki. Akifanya kinyume, akasema atachota "pale pembeni ambapo hazijafika", amewatilia wote. Kwenye kununua mlenda mkavu vilevile: muuzaji huwa na kopo moja la kupimia mlenda, karanga na ufuta. Mafuta ya alizeti ya madumu yaulizwe yamekamuliwa wapi, kwa sababu mashine iliyokamua ufuta au karanga jana haijawa ya alizeti tupu leo.

Maji ni shida tunayoijua sote, na beseni moja la kuoshea vyombo vya shule nzima ndiyo njia rahisi ya kusambaza karanga. Vyombo vya watoto wenye mzio vioshwe kwanza, maji yakiwa safi, kisha vya wengine. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kutoka kwenye kibuyu chirizi, kabla na baada ya kula. Vitakasa mikono vinaua vijidudu lakini karanga haviiondoi.

Hatuombi karanga zipigwe marufuku. Ni zao la mkoa, ni chakula kizuri, na akina mama wanaouza karanga za kukaanga getini nao wana watoto ndani ya shule hizohizo. Tena tusije tukawatisha wazazi wa watoto wachanga: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Uingereza ulionesha kwamba watoto wachanga waliokuwa hatarini kupata mzio, walioanzishiwa karanga kabla ya kutimiza mwaka mmoja, walipata mzio huo kwa uchache sana kuliko waliozuiwa. Kliniki ziendelee kushauri karanga laini zilizosagwa kwa wachanga wasio na dalili, na wenye ukurutu mkali (ngozi kavu inayowasha na kutoka vipele) waonwe na daktari kwanza.

Kuna ushauri unaozunguka ambao tungependa wataalamu wako waukanushe hadharani.

Wa kwanza ni maziwa ya mbuzi. Mtoto akiwa na mzio wa maziwa ya ng'ombe, mtu atamwambia mama ahamie kwa mbuzi, na mbuzi huku hawakosekani. Protini za maziwa hayo mawili zinafanana mno. Walio wengi wenye mzio wa moja hudhurika na la pili. Jambo jingine kabisa ni mtoto anayejaa gesi na kuharisha kwa sababu tumbo halimengʼenyi sukari ya maziwa. Huyo hana mzio, na maziwa mgando mara nyingi anayamudu. Mwenye mzio hayamudu mgando wala samli iliyobaki na maziwa ndani yake.

Wa pili ni kwamba kuondoa ngano na maziwa hutibu usonji. Ushahidi wa kuunga mkono hilo ni dhaifu, na gharama yake kwa mtoto mwenye vyakula vitano tumeshaieleza. Chakula kiondolewe kwa sababu inayoonekana: dalili zilizotokea ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula, zikajirudia, au ugonjwa uliothibitishwa na daktari. Kwa dalili za polepole za tumbo au ngozi, chakula kimoja huondolewa wiki mbili hadi nne kisha kurudishwa, ili ionekane kama kweli ndicho. Watu wengi huondoa na kusahau kurudisha. Kwa mtoto aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi, jaribio hilo halifanyiki nyumbani wala shuleni. Na kama ni ngano kweli, mkoa huu umejaliwa: ugali wa mtama na wa uwele hauna ngano, mradi mashine iwe safi.

Chakula kikishapungua, kuna upungufu unaojificha. Mtoto anayeishi kwa ugali, chai na biskuti anaweza kuwa na kilo za kutosha na bado damu ikawa pungufu. Chai pamoja na mlo huzidisha, kwa kuwa huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Asiyegusa matunda wala mboga anaweza kupata kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Fizi hutoka damu, miguu huuma, mwisho hugoma kutembea, na kwa kuwa ana usonji watu husema ni ukaidi. Unga wa ubuyu uliokorogwa kwenye maji, ukachujwa usibakie na nyuzi, una vitamini C nyingi na watoto wengi wenye usonji huukubali kwa kuwa kila siku ni uleule. Asiyekunywa maziwa atafutiwe kalsiamu kwenye dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao, kama hana mzio wa samaki. Mchicha una kalsiamu, lakini sehemu kubwa imefungwa ndani na mwili hauipati.

Chakula kipya huingizwa kimoja kimoja, na kiwe jirani wa anachokula tayari. Anayekula viazi vya kukaanga apewe muhogo wa kukaanga, uliokatwa kwa umbo lilelile. Kipande kiwe kama punje ya harage, kwenye sahani yake ya pembeni. Akikitazama inatosha kwa siku hiyo. Kesho akiguse, keshokutwa akinuse. Inaweza kuchukua mara kumi na tano kabla hajatia mdomoni. Kwa mwenye mzio kifanyike asubuhi, siku ambayo haumwi, ili kama kuna tatizo lionekane kabla hajaenda kulala, na kisiingizwe kingine kwa siku tatu.

Kila mtoto awe na kadi ukutani jikoni na nakala kwa mwalimu wa zamu. Kadi nyingi tulizoziona zimeandikwa "hapendi mboga", neno lisilomsaidia mpishi. Iandikwe anavyokula: "Ugali wa sembe, mkavu, umepoa, bakuli la peke yake. Maharage bila mchuzi. Asipewe kabisa karanga, soya, maziwa." Chini yake: uzito wake, dalili zake, namba ya mzazi na ya zahanati.

Uzito una sababu. Mtoto akivimba midomo, akikohoa ghafla, sauti ikakwaruza, kifua kikapiga filimbi, au akatapika na kulegea baada ya kula, dawa ni adrenalini ya sindano kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 20 hupata miligramu 0.2, yaani mililita 0.2 ya ile chupa ya miligramu 1 kwa mililita, na hurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15 kama hajapata nafuu. Dawa za mzio kama piritoni na setirizini hutuliza muwasho, hazifungui koo. Wakati akisubiri, alazwe na miguu iinuliwe, au akae kama pumzi inambana, na asisimamishwe wala kutembezwa. Akipata nafuu bado abaki kituoni, maana dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Tunaomba Mganga Mkuu wa Jiji ahakikishe kila zahanati iliyo jirani na shule yenye kitengo ina adrenalini isiyopitwa na wakati, iliyohifadhiwa mbali na jua na joto. Ikibadilika rangi kuelekea pinki au kahawia, itupwe. Na awepo mtu aliyefundishwa kuichoma saa za shule, hata siku mganga mfawidhi yuko semina.

Kamati nyingi za shule hukusanya michango ya chakula na kuagiza unga kabla shule hazijafunguliwa Januari. Barua yako kwa walimu wakuu ikitoka Novemba itawakuta hawajalipa. Iseme mambo matatu tu: nafaka inunuliwe nzima na kusagwa peke yake, mwiko na vyombo vya wenye mzio vitengwe, mtoto wa kitengo asilazimishwe kula. Wapishi waitwe siku moja kabla ya muhula, wafundishwe jikoni kwenye shule mojawapo, sufuria zikiwa motoni. Tuko tayari kuja kusaidia bila posho.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wazazi, walimu wa vitengo na wauguzi,
Dodoma

Nakala: Afisa Elimu Msingi wa Jiji
Mganga Mkuu wa Jiji
Afisa Lishe wa Jiji