Barua kwa Baba: mwaka wa Grêmio daraja la pili

Porto Alegre, 18 Novemba 2022

Baba mpenzi,

Jambo kwako, jambo kwa Mama, kwa yaya, mkubwa wangu, na watoto wake wote. Mimi ni mzima, kazi ya mikate inaendelea, na baridi ya huku kusini imekwisha. Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini mwaka mzima nahangaika na timu ya daraja la pili, mimi niliyekulia majukwaani Kamalondo, nyumbani kwa timu yetu ya Mazembe. Ukauliza na timu kubwa inashukaje. Simu ikakatika kabla sijakujibu, basi nakuandikia kwa utulivu.

Kwanza ujue jina la Lubumbashi si geni hapa. Ile Desemba 2010 Mazembe ilipoipiga Internacional mawili bila kwenye Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi, bao la Kabangu na bao la Kaluyituka, kipa wetu Kidiaba akarukaruka kwa makalio uwanjani, sisi mtaani Katuba tulidhani furaha ile ni yetu peke yetu. Kumbe Internacional ni timu ya mji huu, na mtani wake, Grêmio, naye ni wa mji huuhuu. Mashabiki wa Grêmio walisherehekea usiku ule kana kwamba Mazembe ni yao, na mpaka leo hawajasahau. Nilipomwambia mzee mwenye duka la mikate kwamba natoka Lubumbashi, aliacha unga mezani, akamwita mkewe aje anione. Hao wawili ni kama sisi Mazembe na watani wetu Lupopo, Baba. Watu wanaoana, wanazikana, lakini siku ya mechi kila mtu na upande wake. Mimi nilipokewa na upande wa Grêmio, na hapo ndipo nilipobaki.

Sasa, timu kubwa inashukaje. Ligi ya Brazili haina huruma: timu 20, mechi 38, nne za mwisho zinashuka, hata kama kabati limejaa makombe. Grêmio ilikuwa bingwa wa dunia wa klabu mwaka 1983, ikachukua Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, mara tatu, ya mwisho 2017. Miaka minne tu baadaye, Desemba 2021, siku ya mwisho ya ligi, iliifunga Atlético Mineiro, bingwa wa mwaka ule, mabao 4-3, na bado ikashuka. Ushindi wa siku moja haukutosha kulipa deni la miezi yote ile. Mzee hakufungua redio dukani wiki nzima.

Na hawakuwa peke yao huko chini. Mwaka huu daraja la pili lilikuwa na Cruzeiro, Vasco, Bahia na Grêmio kwa pamoja, timu ambazo zote zimewahi kuwa bingwa wa Brazili. Nafasi za kupanda ni nne. Ukihesabu harakaharaka utasema basi ni hao wanne, mambo yamekwisha. Wapi! Mfungaji bora wa ligi, Gabriel Poveda, mabao 19, alitoka Sampaio Corrêa ya São Luís, kaskazini kabisa. Kutoka hapa hadi kule ni zaidi ya kilomita 3,000. Timu inaondoka huku wachezaji wamevaa makoti, inashuka kwenye joto la pwani, inacheza, inarudi, na baada ya siku tatu ina mechi nyingine. Hilo ndilo daraja la pili, Baba. Ni nchi nzima, na kila mji mdogo unaisubiri timu kubwa kama mgeni wa harusi, ila unataka kumfunga.

Mechi nyingi zilikuwa Jumanne au Ijumaa usiku, saa ambazo mimi niko kwenye tanuri. Nilizisikiliza redioni huku nakata donge la unga.

Cruzeiro ndiyo iliyotutangulia wote. Ilikuwa huko chini mwaka wa tatu, imekaribia kufa kwa madeni, mpaka Ronaldo, yule Ronaldo wa Kombe la Dunia 2002, akainunua mwishoni mwa mwaka jana. Tarehe 21 Septemba iliifunga Vasco 3-0 ikapanda huku mechi saba zikiwa bado. Imemaliza na pointi 78. Grêmio ikawa ya pili na 65, na mwanya huo wa pointi 13 unaeleza mateso yetu yote: sare hapa, sare pale, uwanja mkubwa unazomea.

Kuna jambo moja liliniuma na bado linaniuma. Kocha Roger Machado alifukuzwa mwanzoni mwa Septemba, timu ikiwa ndani ya zile nne za juu. Roger ni mtoto wa nyumbani, alicheza beki ya kushoto hapa na kuchukua Libertadores ya 1995. Ni mtu mweusi, na makocha weusi katika timu kubwa za Brazili unawahesabu kwa vidole, wakati uwanjani wachezaji weusi wamejaa. Yeye mwenyewe amelisema hilo waziwazi mbele ya waandishi. Wakamleta Renato, aliyefunga mabao yote mawili ya Grêmio katika fainali ile ya dunia ya 1983 na ambaye sanamu yake imesimama nje ya uwanja. Timu ilipanda, sawa. Lakini mimi nasema Roger naye angeipandisha, na mzee wa duka, ambaye anampenda Renato kama mwanawe, hapo hatukubaliani.

Tulipanda tarehe 23 Oktoba, Jumapili, kule Recife, uwanja wa Aflitos. Nilikuwa sebuleni kwa mzee. Kibuyu cha chimarrão kilizunguka: majani ya kijani yamejaa hadi juu, maji ya moto, mrija wa chuma, unakunywa mpaka usikie mrija unakwaruza hewa, unamrudishia anayemimina, naye anamjazia wa pili. Kabla ya mpira kuanza mzee alinisimulia tena habari za uwanja uleule mwaka 2005. Wachezaji wanne wa Grêmio walitolewa kwa kadi nyekundu, wakabaki saba. Wenyeji, Náutico, wakakosa penalti mbili, ya pili ikaokolewa na kipa Galatto, na kijana wa miaka 17, Anderson, akakimbia na mpira akafunga. Wakiwa saba tu wakarudi daraja la kwanza. Safari hii haikuhitaji miujiza, ilikuwa 3-0, na Náutico maskini ndiyo iliyomaliza mkiani. Mzee alilia wazi mbele ya wajukuu zake. Nami nililia, Baba, maana mwaka huu nimesubiri mengi hapa, makaratasi na kazi, na hilo ndilo la kwanza kufika.

Siku ya mwisho, tarehe 6 Novemba, zilibaki nafasi mbili. Bahia ilishinda kule Maceió, ikapita. Vasco ilikwenda Itu kucheza na Ituano, timu ya mji mdogo ambayo ingeshinda ingepanda yenyewe. Nenê wa Vasco, ana miaka 41, akafunga penalti, 1-0. Niliwahurumia Ituano kutoka moyoni.

Mwakani Grêmio na Inter watakutana tena kwenye ligi, na Inter imemaliza ya pili daraja la kwanza, kwa hiyo si wa kudharauliwa. Mwambie yaya, akipata mtu anayesafiri kuja São Paulo, anitumie jezi ya Mazembe, ile ya mistari nyeusi na nyeupe, saizi kubwa kabisa. Ni ya mzee. Pesa nitatuma mwisho wa mwezi pamoja na ada ya watoto.

Msalimie Mama, nina hamu ya bukari na sombe yake.

Binti yako