Mstari uliopigiwa kalamu nyekundu

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Salaam sana. Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia mama ameshanyanyuka kitandani na anatembea mpaka kwa jirani. Mfikishie shikamoo yangu. Sisi huku tu wazima, joto tu ndilo linalotusumbua.

Umeniuliza swali nikatembea nalo wiki nzima. Umesema mifumo endeshi imejaa tele, ya kununua na ya bure, sasa mimi fundi mwenye kazi zangu nakesha kutengeneza wa kwangu wa nini? Nilitaka kukujibu kwa simu, nikaona haitatosha. Kaa vizuri nikusimulie.

Unakumbuka tulivyokariri chuoni: mfumo endeshi ni programu inayosimamia vifaa vya kompyuta na kuzigawia programu nyingine kumbukumbu na muda wa prosesa. Tuliandika hivyo kwenye mtihani, tukapewa alama zetu. Miaka yote hii nimefungua kompyuta za watu, nimebadilisha diski, nimesafisha virusi. Lakini siku moja kijana anayejifunza kazi kwangu aliniuliza, fundi, nikibonyeza A hapa, inafikaje kule kwenye skrini? Nikajikuta narudia sentensi ya mtihani. Aliitikia kwa heshima, na nikaona usoni mwake kwamba sijamjibu. Iliniuma, somo. Fundi saa huijua saa mpaka jino la mwisho la gurudumu.

Basi nikaanza mwanzo kabisa. Kompyuta ya zamani ya BIOS, ile programu ndogo iliyomo ndani ya mashine inayoiamsha, ukishaiwasha na ikajikagua, husoma kipande cha kwanza cha diski, baiti 512 tu, ikakiweka kwenye kumbukumbu mahali panapoitwa 0x7C00 (0x ni alama tu ya namba zinazohesabiwa kwa kumi na sita). Kisha hutazama baiti mbili za mwisho. Zikiwa 0x55 na 0xAA, hurukia pale na kuanza kutekeleza chochote ilichokikuta. Haina swali jingine. Ni mara ngapi nimeletewa mashine inayodai haioni diski ya kuwakia, na sikujua kwamba pengine kinachotafutwa ni baiti mbili!

Nikaandika kipande changu: mistari michache mwanzoni, sifuri tupu katikati, na baiti hizo mbili mwishoni. Nikakijaribu ndani ya QEMU, programu inayojifanya kompyuta nzima, ili nikikosea nisimharibie mtu mali yake. Skrini ikiwa katika hali ya maandishi si kitu kingine ila kumbukumbu inayoanzia 0xB8000: mistari 25, kila mstari nafasi 80, kila nafasi baiti mbili, moja ya herufi na moja ya rangi. Nikaweka 0x41 na pembeni yake 0x0A. Ikatokea A ya kijani kwenye kona ya juu kushoto. Chini yake hapakuwa na Windows, hapakuwa na Linux, hapakuwa na yeyote wa kunisaidia kuiandika. Niliitazama mpaka chai ikapoa.

Lakini ninachotaka ukisome polepole ni habari ya kibodi.

Kibodi haingoji kuulizwa. Ukibonyeza, inapiga hodi kwa prosesa; ndiyo ile tuliyoiita intarapti. Prosesa huacha ilichokuwa ikikifanya, ikatazama jedwali lenye milango 256, ikafungua mlango wa namba iliyotajwa, ikafanya kazi iliyoandikwa humo, kisha ikarudi pale pale ilipoachia. Jedwali hilo unaliandika wewe mwenyewe, mlango kwa mlango. Na kati ya kibodi na prosesa pana bawabu, chipu iitwayo PIC, anayepanga nani aingie kwanza.

Huyo bawabu, BIOS humwachia maagizo ya zamani: wageni wako wanane wa kwanza wapeleke milango ya 8 mpaka 15. Ukiingia hali ya biti 32, namna ya kisasa zaidi ya prosesa kufanya kazi, maagizo hayo yanakuwa balaa, maana milango 32 ya mwanzo imetengwa kwa makosa ya prosesa yenyewe, na wa 8 ni wa kosa lililozuka wakati kosa jingine linashughulikiwa. Sasa mgeni wa kwanza kabisa kwa bawabu ni saa ya kompyuta. Ikapiga hodi mlango wa 8. Hapakuwa na mtu. Kukosekana mtu nako ni kosa, na kosa hilo nalo halikuwa na wa kulipokea. Lilipofika la tatu, kompyuta ikajiwasha upya. Nilichokiona mimi ni skrini inayopepesa tu, inazima na kuwaka, bila neno hata moja la kunieleza. Dawa yake ni kumwagiza bawabu upya, wageni wake waanzie mlango wa 32.

Nikamwagiza. Kupepesa kukakoma. Nikabonyeza A, ikatokea A. Nilipiga ukelele mpaka mtoto akaamka. Nikabonyeza B. Kimya. Nikabonyeza vyote, kimya.

Siku tatu, somo. Mchana nashika vyuma vya wateja, mawazo yako kwenye ile B. Nilikagua jedwali, nikakagua rejista, vile visanduku vidogo vya namba ndani ya prosesa, moja moja, nikaandika programu upya kuanzia juu. Usiku wa tatu umeme ulikatika. Nikakaa kibarazani gizani, nikaanza kuisimulia safari ya ile A kwa sauti, hatua kwa hatua, kama ninayemweleza yule kijana. Kibodi imepiga hodi. Bawabu amefungua. Prosesa imekwenda mlangoni, imesoma tundu la 0x60, ambamo kibodi huacha namba ya kitufe, imeandika A, imerudi kazini. Na bawabu je? Nani amemwambia kwamba mgeni ameshahudumiwa?

Hakuna. Bawabu akishaingiza mgeni mmoja, hamruhusu mwingine wa cheo hicho wala wa chini yake mpaka umpe taarifa, nayo ni kupeleka namba 0x20 kwenye tundu la 0x20. Mstari mmoja wa programu. Siku zote tatu alikuwa amesimama pale kwa utiifu, ananisubiri mimi niseme neno. Umeme uliporudi nikaongeza mstari huo, nikaandika jina letu lote bila kusita.

Kesho yake nikaenda kukifukua kile kitini chetu cha mwaka wa pili. Sentensi ya bawabu imo. Na imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, mwandiko wangu pembeni: "muhimu". Niliisoma, nikaielewa, nikaifanyia mtihani. Haikuwahi kuwa yangu mpaka iliponinyima B. Jibu la swali lako ni hilo; mengine yote ninayokuandikia ni nyongeza.

Nyongeza ya kwanza nimeipenda kweli. Herufi kubwa haimo kwenye kibodi. Kitufe cha A hutuma 0x1E unapokibonyeza na 0x9E unapokiachia, basi. Shift nayo ni kitufe tu kama kingine. Ni wewe mwenye mfumo unayepaswa kukumbuka kwamba Shift imeshikwa na bado haijaachiwa, na kuamua kwamba kwa hiyo A iwe kubwa. Yule kijana nilipomwonyesha hili alinyamaza, akawa anabonyeza na kuachia, anabonyeza na kuachia, anatazama namba.

Ya pili ni kuendesha kazi mbili kwa pamoja. Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Helsinki mwaka 1991, alianzia hapo hapo na kompyuta yake ya 386: kazi moja inaandika A, nyingine B, kabla hata hakijawa kitu cha kuitwa Linux. Nami nikapita njia hiyo. Chipu ya saa hupiga mapigo 1,193,182 kwa sekunde. Ukigawanya kwa 11,932 unapata hodi 100 hivi kila sekunde. Kila hodi, nazihifadhi rejista zote za kazi ya kwanza kwenye staki yake, yaani rundo lake la kumbukumbu, nahamia staki ya kazi ya pili, nazirudisha rejista zake, naiachia iendelee. AAAA, BBBB, AAAA. Prosesa ni moja, na muda wote huo inafanya jambo moja tu. Kazi yenyewe haijui kwamba ilisimamishwa. Inaamka na kila kitu kipo pale ilipokiacha. Sijui nikueleze vipi furaha ya kuona hivyo kwa kitu ulichokiandika mwenyewe.

Kugawa kumbukumbu kwa kurasa za baiti 4,096 nimeshafanya pia, nitakueleza tukionana, linahitaji karatasi na kuchora.

Ila tahadhari moja kwa ajili ya wanafunzi wako. Usiwaache wakae QEMU tu. Nilipoweka mfumo wangu kwenye kompyuta halisi ya Pentium 4 iliyokuwa dukani, ulikufa palepale. Kumbe QEMU hukupa kumbukumbu iliyosafishwa, sifuri tupu, nami nilikuwa natumia nafasi ambazo sikuwahi kuziandika sifuri. Mashine halisi ilikuwa na takataka humo. Tangu hapo nasafisha mwenyewe kabla ya kutumia. Na usiwaanzishie kwenye nadharia. Waanze na ile A ya kijani. Kipindi kimoja kinatosha, na kila mmoja achague herufi na rangi yake.

Kwa sasa nahangaika na faili. Mfumo ukizimwa unasahau kila kitu, hivyo nasoma jinsi FAT, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, inavyopanga orodha zake kwenye diski. Likizo ya Juni ukija, njoo na flashi tupu uondoke nao.

Kitini nimekitia kwenye bahasha hii, ukurasa nimeukunja. Wewe unacho chako? Kitafute, utazame kama na wewe uliupigia mstari.

Wako,
Somo yako