Mwenye wasiwasi asiambiwe hana imani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikaa moyoni tangu mwezi uliopita, nilipoalikwa na jirani kwenye mkutano wa injili, nikamsikia mhubiri, ambaye sitamtaja, akiwaambia watu waliojaa hadi nje ya hema kwamba Mkristo anayekosa usingizi kwa sababu ya madeni au majibu ya vipimo amemkaribisha shetani sebuleni mwake, na kwamba dawa yake ni kutoa sadaka maalumu na kurudi nyumbani akicheka. Mbele yangu aliketi mama mmoja aliyekuwa ameukumbatia mkoba wake. Wenzake walipoinuka kwenda kutoa, alifungua zipu, akatazama ndani, akaifunga tena.

Mimi ni Mkristo, na siandiki kubisha kwamba imani huleta amani na furaha, maana nimezionja zote mbili. Ninachokataa ni kuifanya amani hiyo kuwa mtihani ambao mwenye hofu ameshaufeli kabla hajaketi.

Maneno yanayotumiwa zaidi kumkemea mwenye wasiwasi ni yale ya Paulo kwa Wafilipi, sura ya 4, kwamba wasijisumbue kwa neno lolote. Na yasomwe, lakini barua isomwe yote. Paulo aliiandika akiwa kifungoni, hajui kama ataachiwa au atauawa, na katika sura ya 2 anaeleza habari za Epafrodito, ambaye Wafilipi walimtuma ampelekee msaada, akaugua karibu ya kufa. Hadai kwamba siku zote hizo alishinda akiimba mapambio. Anakiri kwamba Mungu alimrehemu Epafrodito, na yeye mwenyewe pia, asije akapata huzuni juu ya huzuni, na kwamba anamrudisha upesi kwao ili huzuni yake ipungue. Ni mtu huyo huyo, kwa kalamu hiyo hiyo, anayewahimiza wafurahi katika Bwana siku zote. Nashangaa kwamba wahubiri wetu wengi huifikia sura ya 4 bila kupita kwenye ya 2.

Halafu anasema amani ya Mungu itawahifadhi mioyo yao, na neno la Kigiriki alilotumia hapo ni la askari walio lindoni. Filipi ulikuwa mji wa koloni la Kirumi, ambako askari wastaafu walipewa ardhi baada ya vita vya mwaka 42 kabla ya Kristo, kwa hiyo waliosomewa barua ile hawakuhitaji kufafanuliwa lindo ni nini. Nasi tunaochangishana mtaani kumlipa mlinzi wa usiku tunalijua vizuri, kwa sababu tunamlipa ili tupate kulala huku wezi wakiwa bado wapo.

Niliyaelewa hayo mwaka 2020. Shule zilipofungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, duka langu la madaftari na vitambaa vya sare, lililoko jirani na shule ya msingi, lilikufa siku ile ile, nami nilikuwa na mkopo kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa tunaowaita kausha damu, marejesho kila Jumatatu. Nilikuwa nikiamka saa nane za usiku, nawasha taa ya jikoni, nafungua daftari la mahesabu na kujumlisha upya, kana kwamba tarakimu zingeniona nikiteseka zikapungua zenyewe. Nilisali, tena sana, ila sala zangu zilikuwa mahesabu yale yale yakisomwa kwa sauti.

Sisi Wakatoliki tuna jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa ukanda wetu walizipa kipaumbele katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976, na ya kwetu husali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nyumba kwa nyumba. Zamu yangu ilipofika nilitamani kusingizia homa, kwa kuwa sikuwa na hata sukari ya chai. Wakaja, wakanawa kwenye ndoo ya maji tiririka mlangoni, wakaketi kwa kuachiana nafasi. Wakati wa maombi nilifungua kinywa niwaombee wagonjwa kama ilivyo desturi, nikajikuta nimetaja deni, kiasi chake na siku ya marejesho. Pakawa kimya. Mwenyekiti wetu, mzee mstaafu wa reli, akasema taratibu, "Mama, hilo daftari tutaliona tukimaliza Baba Yetu." Akavaa miwani, akalipitia ukurasa kwa ukurasa pale pale mkekani, na Jumatatu yeye na akina mama wawili wakanisindikiza kuomba marejesho yagawanywe upya. Deni halikufutwa hata shilingi, na shule zilikuwa bado zimefungwa, lakini usiku ule nililala mpaka jogoo wakaniamsha.

Furaha ilikuja baadaye, tena kwa njia ambayo mtu angeweza kuidharau. Tulikata vitambaa vyangu vya sare tukashona barakoa za kuuza, na ya kwanza tuliyomshonea mwenyekiti ilikuwa kubwa hivi kwamba ilimfunika hadi macho, naye akakataa kuivua, akatuongozea sala ya kufunga akiwa hatuoni. Tulicheka hadi mashine ikasimama. Nilikuwa sijacheka tangu Machi.

Nigusie na hospitali, kwa sababu wapo ambao wasiwasi wao umekwisha kuwa ugonjwa, moyo unawadunda bila sababu na chakula hakipiti, lakini ukiwatajia daktari wa akili wanadhani unataka kuwapeleka Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Paulo alitembea na Luka, ambaye yeye mwenyewe anamwita tabibu, na sijasoma popote kwamba alimwona Luka kuwa tishio kwa imani yake. Kwa hiyo nawaomba wachungaji, mapadre na wainjilisti, kabla ya kuuliza nani hana imani, waulize kwanza nani hajalala, na wawe tayari kuketi na jibu watakalopewa.

Yule mama wa mkoba nilimfuata nje ya hema. Anasubiri majibu ya kipimo, na nauli ya kwenda kuyachukua ndiyo ile aliyoitazama akaifungia. Ni mgeni mtaani kwetu na si wa dhehebu langu, lakini mwenyekiti amesema hilo halina shida. Jumamosi hii sala iko kwake, na sukari tunakwenda nayo.

Msomaji wako,
Kihonda, Morogoro