Kesi ikifutwa, andikeni imefutwaje

Mhariri,

Nilifanya kazi masijala ya mahakama mpaka nilipostaafu, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa dirishani, wanapofika watu kuulizia majalada. Wengi walikuja na gazeti mkononi. Kichwa cha habari kinasema "Kesi yafutwa", nao wanataka kujua kama mambo yamekwisha. Mara nyingi yalikuwa hayajaisha, na mimi ndiye niliyelazimika kuwaambia.

Mkurugenzi wa Mashtaka akiieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na shauri, hakimu huliondoa na mshtakiwa huachiwa. Magazeti huandika kesi imefutwa, na mengine huongeza kuwa mtu ameachiwa huru. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haizuii mtu huyohuyo kushtakiwa upya kwa mambo yaleyale. Ndiyo maana wapo waliokamatwa tena kabla hawajavuka geti la mahakama, huku ndugu wameshakodi gari la kuwarudisha nyumbani. Mama wa mtu kama huyo humwelezi kitu akakuelewa, maana amesoma mwenyewe gazetini kwamba kesi haipo. Kuachiwa ni jambo moja, kuachiwa huru ni jingine: huru ni yule ambaye mahakama imemwona hana kesi ya kujibu, au imesikiliza pande zote ikamkuta hana hatia.

Kwenye rufaa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu huko siku zinahesabiwa. Mahakama ya Rufani ikiiondoa rufaa kwa kuwa nyaraka zina kasoro, mrufani anaweza kujipanga na kurudi, akiomba kuongezewa muda kama umempita. Ikiitupa baada ya kupima hoja zake, hapo amegota. Gazeti likiandika "rufaa yafutwa" kwa zote mbili, mtu asiye na wakili anakaa kijijini akiamini ameshindwa, kumbe nafasi yake ya kurudi inazidi kuyeyuka. Nimewapokea watu wa namna hiyo, na kila mara niliumia.

Yapo maneno mengine, na kila moja lina kazi yake. Mkuu wa wilaya ambaye uteuzi wake umetenguliwa anaondoka kwenye nafasi, lakini barua alizosaini jana hazipotezi nguvu. Uteuzi ukibatilishwa kwa kuwa tangu mwanzo haukufuata sheria, maswali yanarudi nyuma hadi siku ya kwanza: alisaini kwa mamlaka gani? Hata katika ndoa ni hivyo. Talaka huvunja ndoa iliyokuwepo, ila ndoa batili, machoni pa sheria, haikuwahi kuwa ndoa. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipobatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, wapigakura walirudi vituoni tarehe 26 Oktoba mwaka huohuo, kwa sababu kura ya mwanzo ilikuwa haihesabiki tena. Neno lenyewe lilitosha kumwambia msomaji nini kitafuata.

Najua nafasi ya kichwa cha habari ni finyu, na "yafutwa" ni fupi. Liacheni hapo juu kama hamna budi. Ninachoomba ni sentensi moja ndani ya habari, aya ya kwanza au ya pili: nani amefuta, kwa sababu gani, na kama shauri linaweza kurudi. Jibu la hayo limo kwenye uamuzi, na uamuzi umo kwenye jalada. Mwandishi wenu amwulize karani kabla hajaondoka mahakamani.

Karani mstaafu wa mahakama