Darasa la Jumamosi: saa zimebadilika

Wapendwa, habari za jioni.

Darasa la kupamba keki kwa fondanti (ule unga wa sukari uliokandwa unaofunika keki) liko palepale, kwangu Milimani, ila tunaanza saa mbili unusu asubuhi, si saa nane mchana. Ni kwa ajili ya joto. Mchana wa Kisumu na unyevu wa ziwa hufanya fondanti inate mikononi, na sitaki mtu avunjike moyo.

Tunatengeneza keki ya umbo la samaki ngege kwenye sinia, magamba moja moja. Magamba ndiyo kazi yenyewe, tutayapa saa mbili nzima.

1. Mchango ni shilingi 1,200, kwa M-Pesa ya mweka hazina, mwisho Alhamisi jioni. Ndizo za kununulia fondanti.

2. Njoo na keki ya inchi 8 iliyookwa Ijumaa. Ikiwa na joto, krimu ya siagi inayopakwa chini ya fondanti itayeyuka na fondanti iteleze.

3. Aproni, kifimbo cha chapati, na rangi ya jeli. Ya maji hapana, tafadhali, huilainisha fondanti.

Mama Baraka, naomba ile meza yako ndefu.

Kila mmoja aandike "Nipo" au "Sipo" hapa kabla ya Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Nawasubiri kwa hamu.