Barua kwa Mwanangu: Aliyekosoa Mkono Aliutazama Mkono

Mwanangu Neema,

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu tukiongea unanijibu "sawa baba" halafu unarudi kwenye simu. Mama yako ameniambia umefuta michoro yote uliyokuwa umeposti, hata ule wa nyanya yako akichambua mboga za managu. Sikukasirika. Michoro ni yako. Ila nilikuwa nimeshayasoma yale maoni kabla hujayafuta, yote hadi la mwisho, na nina neno la kukuambia ambalo ni la kifundi zaidi kuliko la kibaba.

Watu wengi walikuwekea emoji za moto. Wengine waliandika "talanta". Shangazi yako akaandika "Mungu akubariki" na kuweka maua. Halafu akaja yule kijana aliyesema mkono wa nyanya ni tangawizi, watu wakacheka. Chini yake mwingine, ambaye hakucheka, akaandika kwamba kidole gumba kimeota mahali pabaya na vidole vinne vina urefu mmoja. Hapo ndipo ulipofuta.

Sasa nikuulize: kati ya hao wote, nani aliutazama mchoro wako? Wa moto alikuwa anapita. Mtu aliyekaa kwenye matatu Jogoo Road, foleni haisongi, humwaga moto kwa kila kitu kinachopita kwenye skrini, kwa nyanya yako na kwa chapati za mtu mwingine. Lakini aliyesema gumba limeota mahali pabaya alisimama. Aliikuza picha, pengine akautazama na mkono wake mwenyewe, kisha akarudi kuandika. Amekupa dakika zake na hakujui. Na hata wa tangawizi, pamoja na kejeli yake, macho yake yalitua palepale pa mwenzake. Watu wawili wasiojuana wakininyooshea kidole mahali pamoja, mimi huacha kubishana, naenda kutazama.

Nilikwenda kutazama. Daftari lako lilikuwa mezani. Uso wa nyanya umeupata kabisa: ile mikunjo ya pembeni mwa jicho, na leso inavyoteleza kuelekea kisogoni kila akiinama. Sijui ulijifunza wapi, kwa sababu kwangu hukujifunza. Mkono ndio wenye shida. Umeuchora jinsi mkono unavyochorwa na mtu asiyeuangalia, vidole vinne vimejipanga na gumba pembeni. Anayechambua managu hashiki hivyo. Gumba huja mbele ya kiganja, likakutana na kidole cha shahada kwenye kikonyo cha jani, na ukucha wake ukaelekea upande tofauti na kucha za vidole vingine. Chukua jani lolote ujaribu. Kisha pima: kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati ni karibu sawa na uso kutoka kidevuni hadi nywele zinapoanzia. Jiwekee kiganja usoni, utaona. Nyanya uliyemchora akijishika usoni hataweza kuziba hata mdomo wake. Kurekebisha hayo ni kazi ya jioni moja, penseli ya HB na kifutio, na uso hauguswi.

Mtu alikosoa mkono, wewe ukamfuta nyanya mzima.

Kazi yangu unaijua. Kabla mashine za kuchapisha mabango ya plastiki hazijajaa mjini, vinyozi, bucha na hoteli za Eastlands zilikuwa zikitafuta mtu wa brashi, na huyo alifanya kazi yake barabarani mchana kweupe. Uko juu ya ngazi, na nyuma yako wamesimama vijana wa boda wanaosubiri abiria, mama wa mahindi ya kuchoma, na makanga aliyekosa gari siku hiyo. Wote ni mahakimu. "Fundi, hiyo S imelala." "Huyo ana shingo ya nani?" Mengine ni maneno ya kusukuma siku. Lakini yule asiye na kazi ng'ambo ya barabara huiona herufi iliyolala kabla ya fundi, kwa sababu fundi amebandika pua ukutani tangu asubuhi na yeye anauona ukuta mzima. Nyani haoni kundule, ndivyo tulivyoumbwa. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hushuka ngazi, akavuka barabara, akafinya macho hadi rangi zibaki giza na mwanga tu. Wewe una njia rahisi zaidi: igeuze picha kwenye simu, kushoto kuwe kulia. Jicho lililokwisha kuzoea kosa litashtuka.

Nakubali kwamba kukosolewa kwako ni kugumu kuliko kulivyokuwa kwetu. Makanga akinitania namwona, namjibu, tunacheka, na kesho yake ananisalimu. Mkosoaji wako anatupa neno lake, anaondoka, nalo linabaki pale ukilisoma usiku kucha chini ya blanketi. Sina dawa ya hilo zaidi ya kuiacha simu sebuleni usiku. Na usijibu siku hiyo hiyo. Jibu la siku hiyo huwa la hasira au la kujidhalilisha, na yote mawili utayajutia.

Kuna yule mwingine, mama yako amenionyesha, aliyeuacha mchoro akaanza kukuandikia faraghani mambo ya mwili wako. Huyo hayumo katika mazungumzo haya ya kukosolewa, na sitaki mtu akuambie uwe na ngozi ngumu kwa ajili yake. Piga picha ya skrini, mfungie, unionyeshe. Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao tangu 2018, na kumsumbua mtu kwa namna hiyo ni kosa ndani yake. Tukihitaji kwenda polisi tutakwenda pamoja.

Rafiki zako watakutajia Sane Wadu. Alikuwa mwalimu, akaacha chaki akashika brashi, watu wakasema akili zimemruka. Naye akajibatiza jina la Sane, yaani mtu mwenye akili timamu, akaendelea kuchora hadi leo anahesabiwa miongoni mwa wachoraji wakubwa wa nchi hii. Ni hadithi ninayoipenda sana, lakini usiifanye ngao. Waliomcheka Sane walikuwa wanamhukumu mtu kwa maisha aliyoyachagua. Anayekukosoa wewe anazungumzia gumba. Ukiwajibu wote kwa jibu moja utazeeka ukichora magumba yaleyale.

Halafu lile la "umekopi". Unakumbuka ulivyolia? Yule mwanamke mwenye shanga ulimtoa kwenye picha ya mtu mtandaoni, na aliyeuliza alikuwa na haki ya kuuliza. Elimo Njau, aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965, alikuwa na msemo kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Mimi nimenakili herufi za watu wengine maisha yangu yote na sidhani nimemlaza. Mkono hujifunza kwa kufuata mkono. Ila kazi ya kujifunzia iseme ni ya kujifunzia, na mwenye picha atajwe chini yake. Ukiandika hivyo mwanzoni, anayekuja kukuumbua atakuta umemtangulia.

Na yale maonyesho ya vijana waliyokukatalia. Nimeisoma barua pepe yao: wanashukuru, maombi yalikuwa mengi, jaribu tena mwakani. Umeisoma mara ngapi ukitafuta wamesema nini juu ya michoro yako? Hawajasema chochote. Ukuta wao una nafasi chache, na wateuzi walikuwa na mada yao kichwani. Kazi yako inaweza kukosa nafasi ikiwa mbaya, ikiwa nzuri, au ikiwa nzuri lakini haifanani na zile walizokwisha kuchagua. Barua ya namna hiyo iweke kwenye faili na uangalie tarehe ya mwakani. Aliyekosoa gumba amekufaa kuliko wao.

Ukimya nao sitaki ukutese. Ukiposti saa saba za usiku watu wamelala, usiku mwingine bando limeisha, na ile mitambo ya kuamua nani aone nini haimjui nyanya yako. Watu wakikaa kimya, waulize swali linalojibika. "Mnaonaje?" huzaa emoji za moto. "Mkono wa kushoto umekaa sawa na bakuli, au unaelea?" Hilo humlazimisha mtu kutazama mkono na bakuli. Watakaojibu watakuwa wachache, lakini yaandike majina yao kwenye daftari, maana hao ndio utakaowatafuta ukiwa na mchoro mpya. Kama kuna mwenye mkono mzuri kuliko wako, mwombe akuonyeshe jinsi angelichora lile gumba. Wachoraji wengi wana uchoyo wa rangi zao, lakini maneno hawana uchoyo nayo.

Mchoro wa nyanya kuurudisha au kutourudisha ni juu yako. Yeye mwenyewe, nilipompigia simu, swali lake lilikuwa moja tu, kama ulimchora na ile leso ya kijani au ile iliyochanika.

Jumamosi nina kazi Kayole, ukuta wa shule ya chekechea: watoto wamesimama kwenye duara wameshikana mikono. Nimehesabu, mikono ni ishirini na minne, na mingi inaonekana imeshikana kidole kwa kidole. Nakuhitaji. Nitachora miili na rangi za nyuma, mikono ni yako, na nusu ya malipo ya siku ni yako. Nikuonye kwamba mwenye shule ana macho makali na hanunui kisichompendeza. Kazi ya mwisho alinirudisha juu ya ngazi kwa ajili ya kope za twiga. Watoto nao watakuja kuchungulia na watasema lolote. Njoo na nguo za kuchafuka na ule ukanda wa kupimia wa mama yako, lakini umwombe kwanza.

Baba yako